Muda Hautaongezwa

Jumatatu, Machi 9

Mvua ya masika imefika leo mchana, na wakurugenzi wa Ikonge Mtandao, kampuni yetu ya intaneti ya kijijini, wakafika nayo, wamelowa na hawana haraka. Tulikutana sebuleni kwa mwenyekiti wetu, Mzee Nyabuto, chini ya picha yake kubwa akiwa amevaa sare za naibu wa chifu. Alistaafu zamani. Picha haijaarifiwa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilikifundisha hadi nilipostaafu, na kwa sababu hapa nyumbani hakuna atakayejisumbua kukisoma. Mimi ni katibu wa kampuni. Maana yake ni kwamba wengine huzungumza nami hufanya.

Jambo lenyewe ni rahisi. Mamlaka ya mawasiliano inataka kila kampuni yenye leseni, kubwa kwa ndogo, iwasilishe vitu viwili: ripoti ya ukaguzi wa mnara, na kiapo kilichotiwa saini na wakurugenzi wote mbele ya wakili. Mwisho ni Ijumaa, Mei 29, saa kumi na moja jioni. Asiyewasilisha, leseni yake inasimama. Tangazo hilo lilitolewa mwaka jana. Mwaka mzima umepita tukilitazama kama mbuzi anayetazama gari.

Nikauliza tunaanza lini. Mwenyekiti akatabasamu kwa huruma.

"Mwalimu, usitukimbize. Serikali huongeza muda. Mimi nimekuwa serikali."

Phanice, mwenye duka la dawa pale sokoni, naye ni mkurugenzi. Aliniunga mkono nilipokuwa nikizungumza, kisha akamuunga mkono mwenyekiti alipozungumza. Huyu mwanamke hana maoni, ana mwangwi. Mkurugenzi wa nne, makamu mwenyekiti Obwocha, ambaye mnara umesimama shambani kwake, hakuja. Hajafika kikaoni tangu Novemba. Sikuliona pengo lake. Obwocha ana kigugumizi, na sentensi yake moja ni safari ya kwenda na kurudi.

Jumanne, Machi 10

Mvua. Hakuna kilichofanyika.

Jumatano, Machi 11

Vivyo hivyo.

Alhamisi, Machi 19

Nimemleta mkaguzi mimi mwenyewe, anaitwa Ian, kutoka Mosocho. Mwenyekiti alisema tusubiri, nikaitikia, kisha nikapiga simu. Ian alipanda mnara akiwa na kofia ya plastiki na kujiamini kwingi, akashuka akasema mnara ni mzima. Jambo la kwanza limekamilika. Mwenyekiti aliposikia alisema, "Tumefanya vizuri."

Sisi.

Jumapili, Machi 22

Nimeongea na mwanangu Walter. Ni muuguzi Ujerumani, na kila Jumapili jioni namwona usoni, anaonekana mwembamba, anasema ni kamera. Kabla ya kampuni hii haikuwezekana. Simu za makampuni makubwa hazishiki huku bondeni. Mtu akitaka kuongea sharti apande hadi kituo cha kununulia chai, asimame kwenye upepo na wachumaji, apige kelele za ndoa yake kila mtu asikie. Ndiyo maana tuliuza majani, tukachangishana, tukasimamisha mnara. Yeyote atakayeuzima kwa uvivu nitakuwa na la kumwambia.

Ijumaa, Machi 27

Nimekwenda kwa Obwocha kuuliza kama atasaini. Alikuwa akikata majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe. Alichukua muda wake, kama kawaida, lakini alichosema ni kifupi: hatasaini mpaka Nyabuto aje kwake, yeye mwenyewe, kwa miguu yake.

Ni ugomvi wa mazishi. Novemba Obwocha alimzika mamaye, Nyangate, na Nyabuto ndiye aliyeshika kipaza sauti akiendesha ratiba. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na akina mama, tukisimamia sufuria, kwa hiyo nilisikia tu kwenye spika. Obwocha alisimama kumsema mama yake, maneno yakawa yanamkwama, na kabla hajafika popote sauti ya Nyabuto ikasikika: muda wa mwana wa marehemu umekwisha, tuheshimu ratiba, kuna mheshimiwa mmoja yuko njiani. Kisha ukapigwa wimbo.

Nikaenda kwa Nyabuto. Akasema hawezi kwenda kuomba msamaha kwa kufuata ratiba.

Kwa hiyo hali ndiyo hiyo. Wanaume wawili wenye mvi, mto mdogo kati yao, na familia nyingi zinazotegemea saini moja. Nimefundisha darasa la watoto wenye akili kuliko hawa.

Jumatatu, Aprili 6

Mvua ya mawe saa tisa. Majani ya chai yametobolewa kama chujio. Mwenyekiti ametuma maombi Nairobi ya kuongezewa miezi mitatu. Sababu aliyoandika: hali ya hewa.

Ijumaa, Aprili 17

Nairobi hawajajibu. Mwenyekiti anasema kimya cha serikali ni ndiyo.

Jumatano, Aprili 22

Siku ya leo naiandika yote, maana sijafurahi hivi tangu Walter apate viza.

Mamlaka ilituita Kisii mjini, kwenye ukumbi wa hoteli, makampuni yote ya pande hizi yaliyoomba muda. Mwenyekiti alivaa suti mpya. Nilidhani tutakuwa sisi na wengine wawili watatu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Sikujua kwamba uzembe wetu una ndugu wengi hivyo.

Mbele alikaa mwanamke mdogo wa umbo, ana mafua, ana chupa ya chai. Jina lake Marion. Nilimdharau papo hapo. Nilijisemea, ndiyo hawa wa Nairobi, wanakuja kutufundisha saa.

Kampuni moja kubwa ilileta wakili na wasaidizi wake. Alizungumza kwa muda mrefu kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, na maana yake ilikuwa kwamba kampuni ni kubwa mno hata haiwezi kujihesabu. Mwenye redio moja akasema mhasibu wake amefiwa. Bi Marion akauliza lini. Akasema mwaka juzi. Mwingine akasema kompyuta zilinyeshewa. Mwingine akasema hakuliona tangazo, na tangazo alikuwa amelishika mkononi. Kila mmoja alisimama na uso wa mtu aliyeonewa. Nilikaa nikiwatazama, watu wazima wenye tai na magari, wakiomba kama wanafunzi ambao mbuzi amewalia daftari.

Ikafika zamu yetu. Mzee Nyabuto alianza na utumishi wake chini ya machifu watatu. Bi Marion alimsikiliza, akapenga kamasi, kisha akauliza:

"Mzee, ni nini hasa kimebaki?"

"Saini moja."

"Ya nani?"

"Ya makamu wangu."

"Anakaa wapi?"

Mwenyekiti akavuta koti. "Ng'ambo ya mto. Nikisimama kwangu naona paa lake."

Ukumbi ulicheka, hata wakili. Bi Marion peke yake hakucheka.

"Basi muda unaoutaka siwezi kukupa mimi," akasema.

Halafu akasimama akatujibu wote kwa pamoja. Tulipewa mwaka mzima. Wapo waliowasilisha kwa wakati, na wengine ni wadogo kuliko sisi; akituongezea sisi anawaadhibu wao. Muda hautaongezwa, si kwa mkubwa, si kwa mdogo. Wakili akataka kujua kama hilo ndilo neno la mwisho. Akamwambia amelisema polepole ili aliandike.

Katika ukumbi ule wote, ni yeye tu aliyesema jambo la kweli. Nimeifuta dharau yangu kwake. Nilikuwa na pengine pa kuipeleka.

Njiani kurudi mwenyekiti alisema yule mwanamke hana adabu. Phanice, aliyetubeba kwa pikapu yake, akasema ni kweli. Tulipomshusha mwenyekiti, Phanice akasema yule mwanamke ana akili.

Jumapili, Aprili 26

Walter anauliza kama mambo ya leseni yako sawa. Nikamwambia yako mikononi mwa watu wazima. Akacheka, akanijua.

Jumanne, Mei 5

Nyabuto amemtuma mchungaji kwa Obwocha. Mchungaji alirudi na maombi yamejibiwa hapana.

Jumatatu, Mei 11

Ametuma mkungu wa ndizi. Obwocha amekula ndizi zote. Hajasaini.

Alhamisi, Mei 14

Amemtuma Phanice. Phanice alirudi akisema Obwocha ana haki kabisa. Akaenda kwa Nyabuto, sijui alisema nini huko.

Jumatano, Mei 20

Mwenyekiti amekwenda Nyamira kumtafuta mheshimiwa ili aipigie Mamlaka simu. Alikaa kwenye benchi mpaka jioni. Aliambiwa mheshimiwa yuko njiani. Mtu anaweza kupanda gari hadi Nyamira na kukalia benchi kutwa, lakini kuvuka mto hawezi. Nimejaribu kutafuta neno la Kiswahili la hali hii na lugha imeniangusha.

Jumapili, Mei 24

Nilimwambia Walter huenda tusionane kwa muda. Akaniambia nimuonyeshe mvua. Nikaigeuza simu dirishani. Tukaitazama.

Alhamisi, Mei 28

Usiku huu sikumtarajia mtu. Nyabuto amekuja hapa, peke yake, kofia inachuruzika. Hakukaa. Alisema kesho ataenda kwa Obwocha, kisha akauliza kama ninaweza kumsindikiza. Nikamuuliza anaogopa nini. Akasema hajui aanzie wapi.

Naibu wa chifu mzima. Nikamwambia tuondoke asubuhi na mapema.

Ijumaa, Mei 29, na naiandika Jumamosi

Hatukuondoka mapema. Mto ulifurika usiku, na kile kidaraja cha miti kilikuwa chini ya maji hadi karibu saa saba. Tulivuka viatu mkononi, mwenyekiti na suti yake mpya imekunjwa magotini, mimi na faili kichwani. Phanice alizunguka na pikapu kwa barabara ya juu, akatungoja kwa Obwocha, gari limeelekezwa Kisii. Nilikuwa nimepiga hesabu. Kwa matope yale, na kwa wakili anayetungoja mjini, tukiondoka saa tisa tutawahi. Tukipita hapo, hatuwahi.

Obwocha alitukaribisha. Mkewe akaleta chai. Nyabuto alibaki amesimama, akasema, "Nimekuja."

"Ka-kaa," Obwocha akasema.

Akakaa. Obwocha akasema atasaini, hana neno, ila kwanza Nyabuto atasikiliza alichokuwa akikisema Novemba. Chote. Akimaliza, twende.

Akaanza, kwa Ekegusii, lugha yetu, na ninayaweka hapa kwa Kiswahili nikijua yanapungua. Hata mama, kwa Ekegusii, huitwa “baba”, na kila alipolifikia neno hilo, ile b ilimshika akasimama mlangoni pake, akigonga, mpaka limfungulie.

Alisema alipokuwa mdogo watu walidhani ni bubu. Ndugu zake walikuwa wakimmalizia maneno, kila mtu alimmalizia, akawa mtu anayeishi kwa maneno ya wengine. Basi jioni moja alikuwa akijaribu kueleza kitu jikoni, dada yake akamrukia kummalizia, na mama aliyekuwa akisonga ugali akainua mwiko akasema, "Mwacheni amalize." Akaacha kusonga. Wote wakangoja. Ugali ukaungua, moshi ukajaa, hakuna aliyeruhusiwa kugeuka, mpaka yeye Obwocha akamaliza sentensi yake. Na sentensi yenyewe ilikuwa kwamba ugali unaungua.

Hapo Phanice alicheka, akaziba mdomo. Obwocha naye alicheka. Walikula ugali ule ulioungua, akasema, na mama akausifu.

Alisema mama alikwenda shuleni kwake, mwanamke asiyejua kusoma, akamwambia mwalimu: mwanangu hajui kujibu upesi, lakini ukimngoja atajibu. Mwalimu hakumngoja. Mama akamngoja nyumbani, swali moja moja, miaka yote.

Nilitazama saa. Ilikuwa inakaribia tisa. Phanice alinitazama mimi, maana faili lilikuwa langu na muda ulikuwa wangu. Msimu mzima mimi ndiye niliyepiga kelele za muda. Mwenyekiti naye alikuwa ameinamisha kichwa, kofia magotini. Mara moja alifungua mdomo, nikadhani anamkatiza, akaufunga. Nilijua ninachopaswa kusema. Mzee, samahani, tuondoke kwanza, utamalizia garini. Ni sentensi fupi, nimeiandaa mara nyingi maishani mwangu kwa watu wa kila aina. Nikamtazama Obwocha akigonga kwenye neno lile tena, jasho limemtoka juu ya mdomo. Nikaivua saa nikaitia mkobani.

Alisema mwaka jana mama alipigwa na kiharusi, ulimi ukafungwa. Sasa ikawa zamu yake yeye kungoja. Kuna siku mama alionekana anataka kusema. Midomo ilitafuta, tangu baada ya chakula cha mchana. Majirani walioketi pale wakaanza kumkisia: unataka maji, unataka mchungaji, unataka kugeuzwa. Obwocha akawatoa wote nje. Akakaa peke yake na mamaye akimshika mkono, na saa zikapita, na jua likageuka, hata neno likatoka. Mama alisema, "Kuni zinalowa." Obwocha akatazama nje. Kweli mvua ilikuwa imeanza, na kuni zilikuwa uani. Akatoka akazianua. Aliporudi mama alikuwa ametulia, na hakusema lingine mpaka alipokufa.

"Hi-hilo ndilo nilitaka watu walijue," Obwocha akasema. "Kwamba lilikuwa la maana. Walidhani a-anaropoka."

Mvua ilikuwa ikigonga bati. Nyabuto aliigeuza kofia mkononi, mara nyingi, kama anayetafuta ilipoanzia.

"Nilikukata," akasema. "Nilikuwa namngoja mheshimiwa. Na hakuja."

Obwocha hakumdai zaidi. Alisimama akachukua koti lake.

Phanice aliendesha kama mwizi. Tulipokwama matopeni, mwenyekiti na makamu wake walishuka wakasukuma bega kwa bega, wakarudi suti ya mmoja na koti la mwenzake vimeharibika. Wakili wetu alikuwa bado ofisini, akatupigia muhuri huku anatazama mlango. Tulifika kwenye ofisi ya Mamlaka pale mjini, tukamkuta Bi Marion akifunga boksi kwa utepe. Saa ya ukutani ilikuwa imepita kumi na moja, si kwa dakika nyingi. Ilikuwa imepita.

Aliyachukua makaratasi, akayasoma yote, akayapanga vizuri, akanirudishia.

"Yamekamilika, Mwalimu," akasema. "Lakini siwezi kuyapokea."

Nyabuto alivuta pumzi, nami nikajiandaa kwa machifu watatu. Hakuwataja. Alisema, "Asante, mama," akageuka. Sikumbembeleza mimi pia. Ningemdharau kama angekubali.

Ilibidi tukimbilie nyumbani kabla jua halijazama, maana wazee wawili ni Wasabato, na Sabato yao huanza Ijumaa jioni. Nyuma ya pikapu niliwasikia wazee wawili wakizungumza. Mmoja alikuwa akiongea, polepole. Mwingine alikuwa kimya.

Jumanne, Juni 2

Saa nne asubuhi taa ya kisanduku cha mtandao ilizimika. Jirani akaja kuuliza kama ni stima iliyopotea. Nikamwambia hapana, ni sisi.

Jumapili, Juni 7

Mkutano wa wanachama, kituo cha chai. Watu walikuwa na hasira, na walistahili kuwa nayo. Kinyozi, wazazi wenye watoto wa chuo, muuguzi wa zahanati ambaye sasa anapanda mlima kuagiza dawa. Walianza na Mamlaka: wakatili, watu wa Nairobi, wanaonea wanyonge. Nilimngoja Nyabuto ajifiche hapo, mahali pazuri palipoandaliwa, hata kivuli kipo. Nilikuwa nimekuja na dharau yangu yote, imenolewa.

Alisimama akasema Mamlaka haina kosa. Ilitupa mwaka, na mwaka ule aliutumia yeye kwa kiburi. Hata kwa kuchelewa kwa siku ya mwisho asilaumiwe mtu mwingine yeyote. Kisha akavua uenyekiti, akakaa kwenye gunia la majani kama mtu yeyote.

Nikabaki na dharau mkononi, sina pa kuiweka. Nilirudi nayo nyumbani. Haitaharibika, Phanice bado yupo, ingawa pikapu yake aliiharibu matopeni kwa ajili yetu na hajaitaja hata mara moja, jambo linaloniudhi.

Wamenichagua mimi mwenyekiti. Maombi mapya yanafunguliwa Julai. Makaratasi nimeshayaanza.

Jumapili, Juni 14

Nimepanda kituo cha chai jioni, miongoni mwa watu wanaopigia kelele ndoa zao, nikampata Walter. Sura hakuna, sauti tu, na upepo. Akauliza kosa lilikuwa la nani. Nikampa orodha, naye akajua nitaanza na Nyabuto; nikaishia na simulizi la Obwocha lililotuchelewesha. Halafu akauliza, si ulikuwa na saa, mama, kwa nini hukumkatiza yule mzee?

Nilitaka kumjibu kwa kifupi, nikaona haiwezekani. Basi nikaanza mwanzo, kwa mtoto waliyedhani ni bubu, na jikoni, na mwiko. Nilikuwa nimefika katikati laini ilipokatika.

Nilisimama pale nimeshika simu. Kulikuwa na baridi, na wachumaji wa mwisho walikuwa wanapimiwa majani yao. Mtu mwenye akili angeshuka kabla giza halijaingia.

Simu ikalia.

"Ulikuwa umefika kwenye ugali," Walter akasema.